Seli Zinazomtangulia Mpasuaji

Tarehe 25 Novemba 1884, katika hospitali ya wagonjwa wa kifafa na kupooza iliyokuwa Regent's Park, London, daktari wa upasuaji Rickman Godlee alitoboa fuvu la mkulima kutoka Scotland mwenye umri wa miaka 25. Kijana huyo alikuwa akishikwa na degedege lililoanzia upande wa kushoto wa uso, kisha likateremkia mkononi, hadi mkono wake wa kushoto ukaishiwa nguvu. Kichwa kilimuuma mno na kila alichokula alikitapika. Nje ya fuvu hapakuwa na alama yoyote, na eksirei haikuwapo. Röntgen angeigundua miaka 11 baadaye. Aliyesema uvimbe ulipo ni daktari Alexander Hughes Bennett, kwa kusoma dalili tu. Mkono wa kushoto huendeshwa na ukanda ulio upande wa kulia wa ubongo, kwa hiyo shida lazima iwe kwenye ukanda huo.

Godlee alikuwa mpwa wa Joseph Lister, yule aliyewafundisha Waingereza kuua vijidudu kwa dawa ya kaboliki wakati wa kupasua. Alipofungua, uso wa ubongo ulionekana mzima, hauna kasoro. Akakata kidogo, na milimita chache chini yake uvimbe ukatokeza palepale alipopataja Bennett. Akautoa. Mgonjwa alizinduka, degedege likakoma. Siku 28 baada ya upasuaji alifariki, kwa maambukizi yaliyoingia kidondani.

Madaktari waliona kifo kile kuwa cha bahati mbaya tu, kitu ambacho usafi zaidi ungekizuia. La msingi kwao lilikuwa kwamba uvimbe wa ndani ya ubongo unaweza kupatikana kwa hesabu na kutolewa kwa kisu. Kwa zaidi ya miaka 40 iliyofuata imani hiyo ndiyo iliyoongoza fani nzima: upate ulipo, uutoe wote, mgonjwa apone. Uvimbe wa yule kijana ulikuwa glioma, aina ambayo ingekuja kuipinga imani hiyo kuliko nyingine zote.

Glioma hutokana na seli za glia, au na seli changa zinazokaribiana nazo. Hizi ni seli za ubongo zisizo niuroni. Rudolf Virchow, Mjerumani aliyezitaja mwaka 1856, alizidhania kuwa ni kishikizo tu cha kuziweka niuroni mahali pake. Leo tunajua zinalisha niuroni, zinafunika nyuzi zake, zinasafisha uchafu na kushiriki katika mawasiliano. Mwaka 1926, Percival Bailey na Harvey Cushing, waliofanya kazi pamoja Boston, walichapisha kitabu kilichopanga glioma katika makundi. Msingi wa mpango wao ulikuwa wa ajabu kwa wakati ule: walilinganisha seli za kila uvimbe na seli za ubongo wa kijusi zinazoendelea kukua, wakauliza uvimbe huu unafanana na hatua ipi ya ukuaji. Mengi katika mpango ule yalikuja kubadilishwa. Lakini swali lao, la kumtazama mgonjwa wa miaka 60 na kuuliza kuhusu ubongo wa mtoto ambaye hajazaliwa, lilikuwa swali sahihi, na majibu yake yalisubiri karibu miaka 90.

Aina mbaya kuliko zote inaitwa glioblastoma. Ni saratani inayoanzia ubongoni kwa watu wazima, na hadi leo hakuna tiba inayoiondoa kabisa.

Walter Dandy wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, aliamua kwamba kama kukata kidogo hakutoshi, akate sana. Mwaka 1928 alitoa taarifa ya wagonjwa watano ambao aliwaondolea nusu yote ya kulia ya ubongo. Walikuwa tayari wamepooza upande wa kushoto, na uvimbe ulikuwa umeenea kiasi kwamba hakuna mpasuaji mwingine angethubutu kuugusa. Dandy alifunga mishipa mikubwa ya damu, akaitoa nusu ile. Waliopona kidonda waliweza kuzungumza na kuwatambua watu wao, jambo lililowashangaza wengi. Lakini saratani ilirudi, hata kwa wale walioishi muda mrefu. Ilijitokeza upande wa pili, au sehemu za kati ambazo hakuna kisu kinachoweza kuzifikia bila kuua. Nadhani hakuna jaribio lingine katika historia ya ugonjwa huu lililosema jambo moja kwa uwazi hivyo. Seli zilikuwa zimekwisha kuondoka kabla Dandy hajashika kisu.

Zilikwendaje? Mtu wa kwanza kulijibu hilo kwa utaratibu alikuwa Hans Joachim Scherer, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1906. Aliikimbia Ujerumani ya Wanazi, akapitia Paris, akafikia Antwerp, Ubelgiji, alikopata nafasi katika taasisi ya utafiti ya Institut Bunge. Wengine walitazama vipande vidogo vilivyokatwa wakati wa upasuaji. Scherer alichukua ubongo mzima wa mtu aliyekufa, akaukata tabaka kwa tabaka, akazipaka rangi tabaka zote na kuzifuata kwa hadubini kutoka kitovu cha uvimbe hadi mahali ambapo macho yangesema hapa ni pazima.

Pale palipoonekana pazima ndipo alipoziona. Seli za saratani zilikuwa zimejipanga kwa kufuata maumbile ya ubongo wenyewe. Nyingine zilizingira niuroni moja moja. Nyingine zilitambaa juu ya kuta za mishipa ya damu, au zikajikusanya chini ya utando unaofunika ubongo. Nyingi zilifuata nyuzi nyeupe, zile nyaya ndefu zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine, na hasa daraja nene la nyuzi kati ya nusu ya kulia na ya kushoto. Katika makala zake za mwaka 1938 na 1940, Scherer alitenga maumbo ambayo uvimbe hujitengenezea wenyewe na maumbo ambayo huyaazima kutoka kwenye njia unazopita. Wataalamu wa patholojia bado wanayataja maumbo hayo ya kuazima kwa jina lake.

Jina hilo lina mzigo. Wakati wa vita Scherer alirudi Ujerumani, akafanya kazi Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland. Huko alichunguza bongo za watoto zaidi ya 300 waliouawa na Wanazi katika mpango wao wa kuwaangamiza walemavu na wagonjwa wa akili. Alikufa mwaka 1945 katika shambulio la mabomu. Aliyekimbia utawala ule aliishia kuutumikia katika kazi yake ya kikatili kuliko zote, na watoto wale wanastahili kutajwa kila mara jina lake linapotajwa. Uchunguzi wake wa Antwerp ulifanywa kabla ya hapo, na ni sahihi. Yote mawili ni kweli, na sioni njia ya kulitumia moja kufuta lingine.

Baada ya vita fani iliendelea na zana mpya, ila matokeo yalibaki yale yale. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, London, mashine ya CT ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe ubongoni. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuuona uvimbe bila kufungua fuvu. Hilo lilileta tumaini kwamba mpaka wa saratani ungeonekana wazi. Katika miaka ya 1980 mpasuaji Patrick Kelly na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walichoma sindano ndani na nje ya mpaka ule uliooneshwa na picha, wakazivuta chembe na kuzitazama. Nje ya mpaka, ndani ya ubongo ulioonekana kuwa mzima na uliokuwa ukifanya kazi zake kama kawaida, seli za saratani zilikuwepo, moja moja.

Nalisisitiza hili kwa sababu ndugu wengi wa wagonjwa hubaki na uchungu wa aina ya pekee. Waliambiwa uvimbe wote umetolewa, picha ikaonekana safi, na baada ya miezi kadhaa umerudi, mara nyingi ndani ya sentimita 2 kutoka mahali ulipokuwa. Wanaulaumu mkono uliopasua, au wanajilaumu wenyewe kwa kuchelewa kwenda hospitali. Historia hii inaonyesha kwamba mpasuaji hodari kuliko wote, aliyetoa nusu nzima ya ubongo, hakuzifikia seli hizo. Upasuaji una faida: unapunguza shinikizo kichwani na kurefusha maisha. Mwaka 2005 Roger Stupp na wenzake walionyesha, katika utafiti wa wagonjwa 573, kwamba mionzi pamoja na dawa ya temozolomidi iliwapa wagonjwa wastani wa kati wa miezi 14.6 ya kuishi, kulinganisha na 12.1 kwa mionzi peke yake. Ndiyo tiba inayotolewa hadi sasa. Tofauti ya miezi miwili na nusu ndiyo iliyohesabiwa kuwa mafanikio makubwa, na kwa aliyeipata ilikuwa mafanikio kweli.

Kufikia miaka ya 1990 wanabiolojia walikuwa wamelihamishia swali la Scherer ndani ya seli yenyewe. Saratani ya titi au ya utumbo ikitaka kusambaa huingia kwenye damu au mfumo wa limfu, ikabebwa na kutua kwingine. Glioblastoma ni nadra sana kufanya hivyo. Karibu kila mara humuua mgonjwa bila kutoka nje ya fuvu. Inatambaa. Na inatambaa mahali ambapo nafasi haipo. Kati ya seli moja na nyingine ubongoni kuna umajimaji wenye mtandao wa sukari ndefu, hasa asidi ya haiyaluroni, na nyuzi za kolajeni zinazojaa kwingineko mwilini huku ni chache mno. Mianya yenyewe ni finyu kuliko seli kwa mamia ya mara.

Watafiti walizipata zana kadhaa ambazo seli huzitumia. Ina vimeng'enya vya kuyeyusha ule mtandao ulio mbele yake. Ina vishikizo juu ya ngozi yake: kimoja, CD44, hushika asidi ya haiyaluroni, na vingine viitwavyo integrini hushika protini zilizo kwenye kuta za mishipa. Seli hujishikiza mbele, huyeyusha, hujivuta, huachilia nyuma.

Harald Sontheimer, akiwa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, aliongeza jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Alikuta kwamba seli za glioma zina njia nyingi za kupitishia chumvi ya kloridi. Seli ikifika penye upenyo hutoa nje kloridi na potasiamu, maji yakafuata chumvi, na ujazo wake ukapungua kwa karibu theluthi. Ikishapita, hujijaza tena. Chombo kilichomsaidia kuzitambua seli hizo kilitoka kwenye sumu ya nge wa manjano wa majangwa ya Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, Leiurus quinquestriatus. Ndani ya sumu hiyo mna protini fupi yenye asidi za amino 36, klorotoksini, inayong'ang'ania seli za glioma na kuziacha seli za kawaida. Sontheimer na wenzake walionyesha baadaye kwamba inafunga pia kimojawapo cha vile vimeng'enya vya kuyeyusha. Mwaka 2007 kundi la Jim Olson huko Seattle liliiunganisha protini hiyo na rangi inayong'aa, ili mpasuaji aone kwenye meza yake kile ambacho macho hayakioni.

Upungufu wa maji peke yake hautoshi, kwa sababu kiini cha seli, kinachobeba jeni, ni kigumu. Pweza anayejipenyeza kwenye tundu la mwamba hutanguliza mikono, na mwili wake laini hufuata bila shida; kinachoamua kama atapita ni ule mdomo wake mgumu. Kiini ndio mdomo wa seli. Mwaka 2008 Christopher Beadle, Steven Rosenfeld, Peter Canoll na wenzao walitazama seli za glioma zikitembea ndani ya vipande hai vya ubongo wa panya. Seli ilitanguliza mkono mwembamba, kisha ikasimama. Kiini kilifika penye upenyo, kikabanwa katikati hadi kikawa na kiuno, halafu nyuma yake misuli ya protini iitwayo mayosini II ikajikaza na kukisukuma kikapita kwa ghafla. Watafiti waliponyima seli mayosini II, zilikwama. Zile zile, zikiwekwa kwenye sahani tupu ya maabara isiyo na vizuizi, ziliendelea kutembea bila hiyo mayosini. Hapo ilionekana kwa nini majaribio ya sahani yaliwadanganya watu wengi kwa miaka mingi: seli hutumia nguvu tofauti kulingana na mahali ilipo.

Udanganyifu huo uliwagharimu wagonjwa. Kila zana ilipogunduliwa, dawa ya kuizuia ilitengenezwa, ikajaribiwa na kushindwa. Marimastati, iliyozuia vimeng'enya vya kuyeyusha, haikurefusha maisha ya wenye glioblastoma. Silenjitaidi, iliyobuniwa katika maabara ya Horst Kessler mjini München kuzuia integrini, ilifika hatua ya mwisho ya majaribio kwa wagonjwa 545. Matokeo yaliyotoka mwaka 2014 yalikuwa miezi 26.3 kwa waliopewa dawa na miezi 26.3 kwa wasiopewa.

Kisa cha bevasizumabu ni kigumu zaidi. Dawa hii huzuia ujumbe wa VEGF, ambao uvimbe huutuma ili mishipa mipya ya damu iote na kuulisha. Picha za wagonjwa ziliboreka, uvimbe ukaonekana umenywea, madaktari wakafurahi. Tafiti mbili kubwa za mwaka 2014 zilionyesha kwamba hawakuishi zaidi. Kabla ya hapo, katika panya na kwa baadhi ya wagonjwa, ilikuwa imeonekana kwamba seli zilizonyimwa mishipa mipya huifuata ya zamani, zikatambaa juu yake kama Scherer alivyoona. Gabriele Bergers na wenzake wa San Francisco walieleza mwaka 2012 jinsi inavyotokea. VEGF, pamoja na kuita mishipa, ilikuwa pia ikikizuia kipokezi kimoja cha mwendo, MET, kisiwake. Ukiiondoa VEGF umekifungulia MET, na seli inaanza safari. Yaani ujumbe ule ule uliolisha uvimbe ndio uliokuwa ukiutuliza.

Hali ilikuwa hivyo, dawa zikishindwa na kila zana ikichukuliwa peke yake, mpaka Frank Winkler na Matthias Osswald wa Heidelberg walipotoa ripoti yao mwaka 2015. Walikuwa wameondoa kipande kidogo cha fuvu la panya, wakaweka kioo mahali pake, kisha wakapandikiza seli za glioblastoma kutoka kwa wagonjwa, zikiwa zimewekewa rangi ya kung'aa. Kwa hadubini ya leza inayopenya ndani ya tishu hai waliwatazama panya wale wale, seli zile zile, kwa miezi, hata kufikia mwaka.

Walichokiona hakikuwa kwenye kitabu chochote. Seli zilitoa mirija mirefu, myembamba, mingine ikizidi nusu milimita, umbali mkubwa ajabu kwa seli moja. Mirija ilitangulia kupeleleza. Kiini kilisafiri ndani yake. Seli moja ilipofikia nyingine, ziliungana kwa milango ya protini iitwayo koneksini 43, na mawimbi ya kalsiamu yakaanza kupita kutoka seli hadi seli. Uvimbe wote ukawa mtandao. Watafiti walipoua seli moja kwa leza, kiini kingine kilikuja kupitia mrija na kuchukua nafasi yake. Walipopiga mionzi, seli zilizokuwa peke yake zilikufa kwa wingi, zilizoungana zikastahimili. Miaka miwili baadaye kundi hilo hilo lilionyesha kwamba hata pale mpasuaji anapokata, mtandao huelekeza mirija mipya kwenye kidonda na kupajaza upya kwa msongamano mkubwa zaidi.

Protini inayoendesha uotaji wa mirija hiyo ni GAP-43, na wanasayansi wa neva waliifahamu tangu zamani. Inapatikana kwenye ncha ya nyuzi za niuroni changa zinapotafuta njia ndani ya ubongo wa kijusi. Ncha hiyo yenyewe ilielezwa mwaka 1890 na Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyeiona kwenye kiinitete cha kuku ikiwa imepanuka kama kiganja kinachopapasa. Bailey na Cushing walikuwa wameuliza seli za uvimbe zinafanana na hatua ipi ya ukuaji, wakalijibu kwa kutazama sura yake. Heidelberg ililijibu kwa kutazama inachofanya. Seli ya glioblastoma inawasha upya mpango uliotumika kuujenga ubongo, katika ubongo uliokwisha kujengwa.

Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, Michelle Monje wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa akifuatilia jambo lililoonekana tofauti. Yeye huwatibu watoto wenye glioma ya shina la ubongo, mahali ambapo upasuaji hauwezekani kabisa. Seli za kwanza alizokuza maabara zilitoka kwa mtoto aliyefariki, baada ya wazazi wake kukubali kuutoa uvimbe kwa utafiti. Familia nyingine zilifuata, na maarifa mengi tuliyo nayo leo yanatokana na uamuzi ambao wazazi walilazimika kuufanya ndani ya saa chache za msiba.

Mwaka 2015 Monje na Humsa Venkatesh walitumia panya waliobadilishwa jeni ili niuroni zao ziamke kwa mwanga. Taa ya buluu ikiwaka juu ya sehemu inayopanga mwendo, panya alitembea akizunguka upande mmoja. Seli za saratani zilizokuwa jirani na niuroni hizo ziligawanyika zaidi. Niuroni zilipofanya kazi zilimwaga protini iitwayo nurolijini 3, na seli za uvimbe ziliipokea kama amri ya kukua. Baadaye walionyesha kwamba katika panya wasio na protini hiyo, uvimbe uliopandikizwa ulikwama kwa miezi.

Njia hizo mbili zilikutana Septemba 2019. Makala mbili, moja ya Stanford na nyingine ya Heidelberg, zilizotolewa siku moja katika jarida la Nature, zilionyesha kwamba niuroni huunda sinapsi halisi na seli za glioma. Niuroni hutoa glutameti, seli ya saratani huipokea kwa vipokezi vya AMPA, mkondo wa umeme huingia, kalsiamu hupanda. Sinapsi ndiyo njia ambayo niuroni huzungumza na niuroni mwenzake, ndiyo tunayoitumia kukumbuka na kufikiri. Saratani ilikuwa imejiunga.

Mwaka 2022 Varun Venkataramani, Winkler na wenzao waliunganisha hilo na swali la usambaaji. Seli za glioblastoma hazifanani tabia. Zile zilizofungamana kwenye mtandao hustahimili tiba na kukaa. Zinazosafiri ni nyingine, ziko kwenye ukingo, hazijaungana na seli wenzake, na kwa sura ya jeni zake zinakaribiana na niuroni. Hizi hupokea sinapsi kutoka kwa niuroni zilizo njiani, na kila kalsiamu inapopanda hutoa mrija mpya na kusonga. Watafiti walipopima mwendo wake walikuta mitindo mitatu, yote ikijulikana tayari: ndiyo mitindo ambayo niuroni changa hutumia kuhama kutoka zinapozaliwa hadi zinapokaa katika ubongo wa kijusi. Baada ya muda, msafiri akifika mahali na kuungana na wenzake, anakuwa mkazi wa mtandao mpya.

Kwa maoni yangu hapa ndipo kushindwa kwa zile dawa za mwanzo kunapoeleweka. Zilizuia kiungo kimoja cha mwendo wakati mwendo wenyewe unaamriwa na kazi ya kawaida ya ubongo. Mgonjwa anapozungumza, anapoinua kikombe, anapomwita mwanawe, niuroni zake zinawaka, na seli zilizojiunga zinasikia. Huwezi kuuzima ubongo. Unaweza, labda, kuzizibia seli hizo masikio.

Mwaka 2023 mambo mawili yaliongezwa. Heidelberg waligundua kwamba ndani ya mtandao wa uvimbe kuna seli chache zinazotoa mapigo ya kalsiamu kwa mdundo wao wenyewe, zikiendesha nyingine, na mdundo huo unategemea mlango mmoja wa potasiamu, KCa3.1. San Francisco, Shawn Hervey-Jumper na Saritha Krishna walionyesha kwamba wagonjwa ambao uvimbe wao umeunganika zaidi na ubongo waliishi muda mfupi zaidi, na kwamba gabapentini, dawa ya zamani ya neva, ilipunguza muunganiko huo kwa panya. Mwaka 2025 Monje na Winkler walipewa pamoja tuzo ya Brain Prize ya Denmark kwa kuianzisha fani hii mpya.

Dawa inayofuatiliwa kwa karibu kwa sasa ni perampaneli. Imekuwa ikitumika kwa kifafa tangu mwaka 2012, na kazi yake ni kuviziba vile vipokezi vya AMPA. Usalama wake unajulikana, kwa hiyo haikuhitaji miaka ya kuanza upya. Katika majaribio yaliyoanzishwa Ujerumani, wagonjwa ambao uvimbe wao umerudi hupewa perampaneli kabla ya upasuaji mpya na baada yake, kisha uvimbe uliotolewa huchunguzwa ili kujua kama mawasiliano ya seli zake yamepungua, na mgonjwa hufuatiliwa kwa picha ili kujua kama zilizobaki zinakwenda polepole zaidi.